Mkate, uji, konfleksi au oti: kipi kinayagharimu zaidi mazingira mezani asubuhi?

Anayesimama mbele ya rafu za duka Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa akichagua chakula cha asubuhi kwa familia yake kwa kawaida hupima bei, ladha wanayoipenda watoto na muda wa kukiandaa. Wapo sasa wengi wanaotaka pia kujua chakula hicho kimeyagharimu nini mazingira kabla ya kufika mezani, na wengi wao huanza na kuishia kwenye kile kinachoonekana, yaani mfuko wa plastiki. Mfuko una uzito wake katika hesabu hii, nami nitaufikia, lakini kwa vyakula vingi vya asubuhi si wenye mzigo mkubwa kuliko vyote. Hapa nalinganisha vyakula vinne vya pakiti vinavyoshindania meza moja: konfleksi, uji wa unga wa mahindi au ulezi, mkate wa kukatwa na uji wa oti, pamoja na vile vinavyoandamana navyo, hasa maziwa na moto wa kupikia.

Kipimo cha kwanza ni gesijoto, zinazohesabiwa kwa uzito wa hewa ukaa baada ya gesi nyingine, kama methani ya ng'ombe na mashamba ya mpunga, kugeuzwa kuwa kiasi cha hewa ukaa chenye nguvu ileile ya kuongeza joto. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore wa Chuo Kikuu cha Oxford na Thomas Nemecek wa Uswisi walichapisha katika jarida la Science uchambuzi uliokusanya takwimu za mashamba takriban 38,700 katika nchi 119. Kwa wastani wa dunia, kilo moja ya mkate wa ngano hubeba kilo 1.6 za hewa ukaa, kilo ya unga wa mahindi 1.7, kilo ya oti 2.5, na lita moja ya maziwa ya ng'ombe 3.2. Kwa upande wa konfleksi na jamii yake, watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walipata mwaka 2015 wastani wa kilo 2.64 kwa kila kilo ya bidhaa zilizotengenezwa Ulaya. Huu ni wastani, na mahindi ya mkulima wa Mbozi anayelima kwa jembe la mkono hayawezi kuwa na historia moja na mahindi ya Iowa, Marekani, yaliyowekewa mbolea nyingi ya viwandani. Hata hivyo, tofauti kati ya chakula kimoja na kingine zinatosha kutuongoza.

Konfleksi na uji wa mahindi

Vyakula hivi viwili huanzia kwenye punje ileile, na ndiyo maana kuvilinganisha kunafundisha mengi. Ili mahindi yawe konfleksi, kiwanda huondoa ganda na kiini, hupika vipande vilivyobaki kwa mvuke pamoja na sukari, chumvi na kimea, huvikausha, huviacha vipumzike ili unyevu uenee sawasawa, huvipitisha kati ya mitambo mizito ya chuma inayovibana hadi kuwa bapa, kisha huvioka kwenye tanuri la moto mkali. Nafaka hiyo imepata moto mara tatu kabla ya kufungwa, ilhali mahindi ya unga yamesagwa tu. Katika utafiti wa Manchester, karibu nusu ya gesijoto ilitokana na malighafi za shambani, nishati ya kiwandani ikafuata, na ufungashaji na usafirishaji vikachukua takriban asilimia 15 kila kimoja. Mchele ndio uliochangia zaidi miongoni mwa malighafi ingawa ulikuwa sehemu ndogo ya uzito wote, kwa sababu shamba la mpunga lililofurika maji huzalisha methani. Mtu akiwa na nia ya kununua nafaka za boksi, basi zile za ngano au mahindi ni afadhali kuliko zile za mchele uliovimbishwa na kutiwa chokoleti.

Boksi lenyewe lina kasoro nyingine isiyoonekana kwenye lebo. Konfleksi ni nyepesi na hujaza nafasi, kwa hiyo lori lililosheheni maboksi hayo hubeba uzito mdogo kwa safari nzima, wakati lori hilohilo likijazwa unga hubeba chakula kingi zaidi kwa mafuta yasiyotofautiana sana. Ndani ya boksi la karatasi ngumu mna mfuko wa plastiki, na mara nyingi sehemu kubwa ya juu ya mfuko huo ni hewa.

Kufikia hapo uji unaongoza kwa mbali. Bakuli la konfleksi la gramu 40 hubeba takriban gramu 105 za hewa ukaa, na kiasi hichohicho cha unga wa mahindi hubeba gramu 68. Tatizo ni kwamba konfleksi haihitaji jiko, na uji unalihitaji, na kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki jiko hilo ni la mkaa.

Hesabu hii inastahili kufanywa polepole. Tuchukue sufuria moja ya uji wa watu watano, na tuseme kuwasha jiko, kuchemsha maji na kuivisha unga kunatumia gramu 300 za mkaa. Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa zaidi ya kilo 2 za hewa ukaa, kwa hiyo sufuria hiyo imetoa zaidi ya gramu 600, sawa na gramu 120 na ushee kwa kila mlaji, karibu mara mbili ya mzigo wa unga wenyewe. Na hapo hatujalihesabu tanuri. Tanuri la kienyeji la kufukia magogo kwa udongo huhitaji kati ya kilo 6 na 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na kuni inayopotea humo huondoka kama moshi, methani ikiwamo. Gramu 300 za mkaa wa uji wa asubuhi moja ni kilo 2 hadi 3 za mti. Miti ikiachwa ichipue upya, sehemu ya hewa hiyo hurudi kwenye shina na majani, lakini sehemu kubwa ya misitu ya miombo ya Pwani na Morogoro inayoilisha Dar es Salaam kwa mkaa hukatwa kwa kasi isiyoipa nafasi hiyo.

Kwa sababu hiyo, swali la kama uji ni bora kuliko konfleksi haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza unapikwa kwa nini. Sufuria hiyohiyo kwenye jiko la gesi, kwa dakika 20, hutumia takriban gramu 50 za gesi na kutoa gramu 150 za hewa ukaa, yaani gramu 30 kwa mlaji. Kwa jiko la umeme nchini Kenya, ambako sehemu kubwa mno ya umeme inatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, mzigo hushuka zaidi, na Tanzania nayo inasogea upande huo tangu bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lianze kuzalisha umeme. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na kwa maoni yangu hakuna badiliko la pakiti wala la lebo litakaloigusa meza ya asubuhi kwa kiwango hicho.

Anayebaki na mkaa bado ana la kufanya. Uji ukipikwa mara moja ukatiwa kwenye chupa ya chai, hautawashiwa jiko upya kwa ajili ya anayeamka saa mbili. Mfuniko juu ya sufuria, unga ulioloweshwa kwa maji baridi kabla ya kumiminwa, na jiko banifu lenye kauri badala ya lile la bati tupu, vyote hupunguza mkaa bila kubadili ladha.

Kuhusu aina ya unga, dona hutoa chakula kingi zaidi kutoka kwenye gunia moja la mahindi kuliko sembe, ambayo pumba na kiini vyake huondolewa, ingawa mafuta ya kiini huifanya dona iharibike upesi na hivyo inunuliwe kidogokidogo. Ulezi, ambao Kenya huitwa wimbi, huvumilia ukame na kukubali udongo ambao mahindi yangedai mbolea; Umoja wa Mataifa uliutangaza 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa mazao ya jamii hiyo. Mbolea ya naitrojeni ina uzito wake hapa, maana nitrasi oksaidi inayotoka kwenye shamba lililowekewa mbolea hiyo huongeza joto mara 273 kuliko hewa ukaa ya uzito sawa, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100. Mimi ningeuweka ulezi mbele ya mahindi bila kusita. Unga wa lishe uliochanganywa ni mzuri pia, mradi msomaji aangalie orodha ya viambato, kwa kuwa mchele ukitajwa wa kwanza, ndio uliotiwa kwa wingi.

Maziwa

Sasa turudi kwenye lile bakuli la konfleksi. Likitiwa mililita 200 za maziwa, kwa wastani wa dunia limeongezewa gramu 640 za hewa ukaa, mara sita ya konfleksi yenyewe. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuhangaika na boksi, mfuko wa ndani na umbali wa kiwanda, na bado akawa hajaligusa lililo zito. Kwetu hali ni nzito zaidi, kwani taarifa ya shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ya mwaka 2010 ilikadiria, kwa njia yake ya hesabu, wastani wa dunia wa kilo 2.4 kwa kilo ya maziwa, lakini kusini mwa Sahara ikapata takriban kilo 7.5. Ng'ombe anayetoa lita mbili au tatu kwa siku hucheua na kutoa methani mchana kutwa kama wenzake, na mzigo wake wote huangukia zile lita chache. Malisho bora, kama matete yaliyochanganywa na mikunde, hupunguza mzigo huo kwa kila lita, na wafugaji wengi wa Kiambu na Tanga wanaujua ukweli huo vizuri.

Sisemi mtoto anyimwe maziwa. Ninachosema ni kwamba chakula kinachohitaji maziwa mengi ili kilike, kama konfleksi, kinamfunga mlaji kwenye gharama ambayo uji haumfungi. Uji hukubali ndimu, ukwaju, tui la nazi au karanga zilizosagwa, na gramu 15 za karanga hubeba chini ya gramu 50 za hewa ukaa huku zikiupa uji mafuta na protini.

Kwa anayenunua maziwa, pakiti ya karatasi ngumu ya maziwa yanayokaa muda mrefu, mfuko laini wa maziwa yanayotaka friji, na mashine ya maziwa ambako mteja huja na chombo chake hutofautiana kidogo sana kwa gesijoto, kwa kuwa ng'ombe ameshachukua karibu mzigo wote. Tofauti kubwa iko kwenye kuharibika. Maziwa ya muda mrefu hupashwa joto la nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache na hukaa miezi kadhaa bila friji, hivyo kwa nyumba isiyo na umeme wa uhakika pakiti hiyo ni afadhali kuliko mfuko laini utakaoganda kufikia jioni, ingawa tabaka zake za karatasi, plastiki na alumini zimeshikana kiasi kwamba ni viwanda vichache tu vinavyoweza kuzitenganisha. Mwenye friji, aliye karibu na mashine ya maziwa, hana sababu ya kununua pakiti.

Mkate

Vipande vinne vya mkate, takriban gramu 100, hubeba gramu 160 za hewa ukaa, na havihitaji moto wowote nyumbani zaidi ya ule wa chai. Wapo wanaodhani mkate wa kuoka nyumbani lazima uwe bora, lakini tanuri kubwa la kiwanda linalooka mamia ya mikate kwa mpigo hutumia nishati kidogo kwa kila mkate kuliko tanuri dogo lililowashwa kwa ajili ya mikate miwili. Ngano yenyewe, licha ya mashamba ya Narok, Uasin Gishu na Hanang, kwa sehemu kubwa huingia kwa meli, na kwa hili mlaji asishtuke mno. Meli ya shehena hutoa takriban gramu 10 hadi 20 za hewa ukaa kwa kusafirisha tani moja kilomita moja, wakati lori hutoa mara kadhaa ya hizo. Kilomita 1,150 za lori kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza zinaweza kulingana na maelfu ya kilomita za bahari.

Kinachopakwa juu ya mkate kina mjadala wake. Majarini nyingi hutegemea mafuta ya mawese, na mawese ghafi yanayoingia Mombasa na Dar es Salaam hutoka zaidi Indonesia na Malaysia, ambako misitu ya mvua na ardhi ya majimaji yenye mboji vilifyekwa kupanua mashamba. Wastani wa dunia ni kilo 7.3 za hewa ukaa kwa lita. Hoja hiyo inayagusa pia maandazi ya kukaangwa, hata yakiuzwa bila pakiti yoyote. Siagi ya karanga iliyosagwa hapa nchini ni badala nzuri, tena kwenye kopo linalorudi kutumika jikoni.

Adui mkubwa wa mkate ni ukungu. Katika unyevu wa pwani mkate huanza kuota ukungu baada ya siku chache, na robo ya mkate wa gramu 400 ikitupwa, gramu 160 za hewa ukaa zimekwenda bure. Mfuko wake, tukichukua gramu 5 za plastiki kwa takriban kilo 2 za hewa ukaa kwa kilo, umegharimu gramu 10 tu. Taarifa ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri jijini Nairobi, ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kwenye nyumba, migahawa na maduka, na nyumba zilichangia asilimia 60. Familia ndogo inunue mkate mdogo, au igandishe nusu.

Oti

Oti hulimwa zaidi kwenye nchi za baridi na hutufikia zikiwa zimepikwa kwa mvuke na kubanwa, kwa hiyo huiva kwa dakika tano hivi. Kwa anayepika kwa gesi au umeme, faida hiyo ni ndogo na ulezi wa hapa unazishinda. Kwa anayetegemea mkaa faida hupungua pia, kwani jiko likishawashwa mkaa huendelea kuungua hata sufuria ikishaipuliwa. Nazipa oti nafasi kwa anayeziloweka usiku na kuzila bila kuzipika.

Mfuko wenyewe

Kilo za hewa ukaa hazisemi lolote juu ya mfereji ulioziba. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, lakini sheria zote mbili ziliviacha vifungashio vya viwandani, ukiwamo mfuko wa mkate. Pale ambapo taka hazizolewi, mfuko huo huishia kwenye mtaro, mtoni na baharini, au huchomwa uani na kuwapa majirani moshi wenye sumu. Hapa ulinganisho unageuka: unga wa kilo 2 kwenye mfuko wa karatasi, au mahindi yaliyosagwa mashineni na kurudi nyumbani kwenye ndoo, hauachi kitu kinachodumu. Boksi la konfleksi huuzika kama karatasi likiwa kavu, na chupa nyeupe ngumu ya maziwa ina mnunuzi miongoni mwa waokota taka, lakini mfuko laini wa mkate hauna anayeutaka, na vipakiti vidogo vya maziwa ya unga au kahawa vyenye tabaka la alumini hali yao ni mbaya kuliko vyote. Mtu mwenye kipato cha kutwa hawezi kulaumiwa kwa kununua kipakiti cha siku moja. Mwenye uwezo wa kununua kopo kubwa anunue kopo.

Mahindi na karanga za kusaga zikaguliwe kwanza, maana sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, haionekani katika unga na haiondoki kwa kupika. Nafaka iliyovunda ni hatari kwa mlaji. Asiye na uhakika na chanzo chake achague unga wa pakiti wenye nembo ya ubora ya mamlaka ya viwango.

Kwa jiko la umeme au gesi, basi, ningechagua uji wa ulezi wenye karanga, mkate ukafuata, oti ya tatu, konfleksi na maziwa mwisho. Kwa nyumba yenye jiko la mkaa peke yake, mkate wa kiwandani na chai iliyochemshwa mara moja ikatiwa chupani huutangulia uji, isipokuwa uji upikwe kwa moto uleule unaoivisha maharage ya mchana. Mfuko wa mkate huo, hadi sasa, ni mzigo anaoachiwa mlaji na jirani yake. Kenya kwa sheria yake ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 imemwekea mzalishaji wajibu juu ya kifungashio chake hadi kinapokuwa taka, na viwanda vya mikate vya pande zote za mpaka vinaweza kuulizwa sasa hivi na wateja wao ni lini vitaanza kuikusanya mifuko yao.